Mahojiano ya Mama Kaleli

Kwa miaka tisa Madam Aketch alifundisha utafiti katika shule moja ya mtaa wa Kiuu. Maktaba yake ilikuwa stoo iliyopakwa rangi, na humo wanafunzi walizoea maswali yake: "Nani amesema? Amejuaje? Wewe umemuuliza?"

Ngendo wa Gredi ya Tisa ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Kazi ya muhula ilipokuwa kuchunguza maji ya mtaa, Aketch alimpa hata simu yake mwenyewe arekodie mahojiano. Ngendo alileta kurasa kumi na mbili. Ndani yake Mama Kaleli, muuza maji wa karibu na steji ya matatu, alikiri kwamba kiangazi kikikaza huongezea maji ya mto kwenye tangi. Siku ya wazazi Aketch aliisoma kazi ile kwa sauti, akiona fahari, na watu wakapiga makofi.

Alhamisi iliyofuata Mama Kaleli alifika langoni, kanga imefungwa kiunoni.

"Mwalimu, ni nani alinihoji? Mimi sijaongea na mtoto yeyote. Na customer wangu wote wameenda."

Aketch alifungua simu. Hakukuwa na rekodi yoyote. Simu ilikuwa imerudi mkononi mwake wiki tatu zilizopita, na hakuwa ameifungua kusikiliza mahojiano.

Ngendo alipoitwa hakubisha. "Nilifika nikapata laini ya maji ni ndefu, Madam. Nikaambia AI iniandikie."

"Na hukuogopa nitagundua?"

"Za wengine ndio unacheki. Yangu nilijua hutacheki."

Aketch aliketi.

Mwalimu mkuu, Bwana Gachau, alitaka yaishe kimya. "Shule itaonekana aje?" Aketch hakumsikiliza. Siku tatu mfululizo, baada ya masomo, alisimama kando ya tangi la Mama Kaleli akiwaambia wapita njia kwamba alichosoma mbele ya wazazi kilikuwa uongo, na kwamba yeye ndiye ambaye hakuuliza. Siku ya kwanza Ngendo alikuja na mamake, akaomba msamaha akilia. Siku ya pili hakuonekana.

Wateja wengine walirudi, wengine walishazoea kwingine. Mama Kaleli hakutamka kwamba amesamehe, ila siku ya tatu alimsogezea Aketch kiti.

Muhula uliofuata Ngendo alihamishiwa shule ya Thika. Aliondoka bila kuaga, na Aketch, aliyekuwa amemnunulia kamusi, akaiweka kwenye rafu pamoja na vitabu vingine.