Jina Lililobaki kwa Bwire

Wiki ile ya mvua naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa nisiikumbuke. Ila umekuja hapa kwangu Kitaji unacheka, unaniambia umenunua kimashine chako kidogo, umekiweka chumbani, tovuti yako inafunguka. Nikafurahi, kwa kweli. Nikakuuliza, na jina la tovuti liko mkononi mwa nani? Ukanijibu, "Liko kwa rafiki yangu, hamna shida." Basi kaa. Chai ipo, na sitakuacha uondoke mpaka nimalize.

Nilikuwaga kijana kama wewe, fundi kompyuta, na kichwa changu hakikuingia kofia kwa majivuno. Mama yangu alikuwa kule Majita, ziwani, yeye na wanawake wenzake wa kanisani, wanaanika dagaa. Adui yao alikuwa mmoja, dalali. Anakuja na gari lake, anapanga bei anavyotaka, nao kwa kuwa hawamjui mnunuzi mwingine wanampa. Akishaondoka mama ananuna siku nzima, hata chakula hali.

Nikamwambia, "Mama, nitawatafutia wanunuzi mimi." Nikachukua kompyuta kuukuu, nikaipangusa vumbi, nikaigeuza seva, mashine ya kuhifadhi na kutoa kurasa za tovuti, hapahapa nyumbani. Nikatengeneza ukurasa unaoonyesha dagaa wa akina mama, wako tayari au bado. Kule ufukweni simu haikushika mpaka upande mlimani, kwa hiyo mama alikuwa anapanda kunipa habari, mimi naandika, na wanunuzi hawakuwa na haja ya kupiga. Wanaangalia ukurasa, wakiona dagaa wapo, wanakuja na gari moja kwa moja.

Aliyewaambia habari hizo ni Bwire. Huyu alikuwa rafiki yangu wa damu, ana kibanda cha fotokopi pale Bunda, karibu na yanapolala malori. Kila dereva wa kununua dagaa alimjua. Na Bwire ndiye aliyenunua jina la tovuti yetu, maana siku ile mimi nilikuwa nahangaika na waya, yeye akasema, "Mafuru, acha hilo nifanye mimi." Nikaacha. Ningeachaje kumwamini Bwire? Tulioga ziwa moja tukiwa uchi.

Sasa sikia hapa, maana ndipo vijana mnapopita mkikimbia. Kila mashine iliyoko mtandaoni ina namba yake. Watu hawakumbuki namba, wanaandika jina. Kuna mahali pameandikwa kwamba jina hili linakwenda kwenye namba hii, na mpango huo ndio mnaouita DNS. Nyumba yangu haikuwa na namba ya kudumu. Umeme ukikatika ukarudi, mara nyingine tunapewa namba nyingine. Nampigia Bwire, "Kaka, imebadilika," naye anaingia anairekebisha. Mimi sikujua hata anaingilia wapi. Nilijiona bwana mkubwa kwa sababu mashine ilikuwa kwangu na taa yake inawaka!

Bwire akafa. Pikipiki, barabara ya Bunda, asubuhi, anakwenda kazini. Tulimzika huku nimekaa chini kama mtoto, sikuweza hata kushika koleo.

Niliporudi Kitaji mvua ilikuwa imeanza na umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Nikawasha kompyuta yangu, nikafungua ukurasa, upo. Nikaandika kwamba dagaa wapo tayari. Nikaridhika. Nilikuwa nautazama kutoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mwanangu, mashine na mimi tuko chumba kimoja, tunaonana bila kupitia kwa jina. Dunia nzima ilikuwa inapelekwa kwenye namba ya zamani, ambako hakuna mtu.

Baada ya wiki mama akashuka kwenye basi, amelowa, kabeba mfuko. Hakunisalimia. Akaumwaga mfuko sakafuni, dagaa weusi, wananuka.

"Mafuru, wanunuzi wako wako wapi?"

"Mama, mbona ukurasa upo? Njoo uone."

Akaja, akainama kwenye kioo, akatazama picha yake mwenyewe akiwa ameshika ungo. "Nauona. Sasa mbona hawaji? Tumekataa kumuuzia dalali, tumemfukuza kwa maneno, kwa sababu yako. Wenzangu wananitazama mimi, baba. Mimi ndiye niliyewaambia mwanangu ni mkweli."

Nikatoka kwenye mvua hiyohiyo mpaka mjini kati, kwenye duka la intaneti, nikaandika jina letu. Hakuna kitu. Ukurasa mweupe.

Nikaenda Bunda kwa mjane wa Bwire. Ni aibu gani hiyo, kumwendea mwanamke ambaye machozi hayajakauka ukamwuliza nywila! Akasema, "Shemeji, mimi sijui hata alikuwa anafungua nini. Simu yake ilipotea palepale alipoanguka. Kuna mtu aliiokota." Nikawaandikia waliotuuzia jina. Wakajibu kwa adabu kabisa kwamba wanazungumza na mwenye jina tu. Mwenye jina! Yuko chini ya udongo, na mimi mwenye mashine ni mpita njia.

Nilimkasirikia Bwire, nakwambia ukweli. Nilimkasirikia marehemu ambaye hakunikosea chochote, nikawa namgombeza peke yangu njiani. Ningeweza kununua jina jingine, na nilinunua, lakini nani angewaambia madereva? Aliyekuwa anawaambia ndiye tuliyemzika. Na jina la zamani, muda wake ulipokwisha, wakalichukua watu wa kamari. Dereva akifungua kutafuta dagaa wa akina mama wa kanisa, anakuta kamari. Habari ikafika Majita kabla yangu.

Nikaenda Butiama kwa baba, maana yeye na mama hawakuwa wakikaa pamoja, nikitaka kuhurumiwa. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, hakuwahi kugusa kompyuta. Nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja tu.

"Ulipomwachia Bwire hicho kitu chako, nani alikuwepo?"

"Hakuna, baba. Tulikuwa wawili."

"Mimi nilipompeleka mtamba wangu kijijini Guta kwa Masatu anichungie, nilimwita mke wake, nikawaita wanawe na majirani, nikasema mbele yao, huyu ni wangu. Unafikiri nilikuwa simwamini Masatu? Masatu alikuwa ndugu yangu! Niliwaita kwa sababu Masatu ni mtu, na mtu anakufa. Alipokufa, watoto wake ndio walionitumia habari, njoo uchukue ng'ombe wako, amezaa. Wewe umeona mambo haya tangu unatambaa. Ilikuwaje kitu cha mama yako ukakithamini chini ya mtamba?"

Nikaondoka na swali hilo. Mpaka leo ninalo.

Akina mama walirudi kwa dalali, naye akawalipa bei ya kuwakomoa. Mama hakunitukana. Nilipokuwa naenda kumwona aliniuliza habari za watoto, habari za ng'ombe wa baba, habari za kanisa la mjini. Habari za mashine hakuziuliza tena, mpaka tunamzika. Heri angenitukana.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, kabla hujagusa waya mwingine, nenda na rafiki yako mkae na watu wenu. Jina liandikwe kwako, na mtu wa pili ajue linafunguliwaje, mkeo au dada yako, awe anaweza kuingia wewe ukiwa hupo. Jifunze kuibadilisha namba kwa mkono wako mwenyewe, hata kama mwenzako anaifanya haraka zaidi. Na ukishamaliza usijisifu kwa kuutazama ukurasa ukiwa kitandani kwako. Mpigie mtu aliye Bunda umwulize, wewe unaona nini?

Usione nakufundisha kumshuku rafiki. Bwire hakuniibia hata senti. Nenda basi, Mungu akubariki, kazi ya mikono yako ionekane mbali. Akupe rafiki mwaminifu kama Bwire wangu, na mama yako asije akanyamaza mbele yako kama wangu alivyonyamaza.