Uso wa Mheshimiwa Ubavuni mwa Boti

Mgombea wetu aliposhinda uchaguzi, alihamia Nairobi na kuniachia uso wake kwenye boti. Ni boti ya faiba ninayotumia kupeleka wageni kuona viboko hapa Naivasha. Watu wake wa kampeni walibandika bango ubavuni kwa gundi ya mafundi viatu, gundi iliyodumu kuliko ahadi zote zilizochapishwa juu yake.

Nilianza kulibandua kwa kisu, nikakwaruza boti. Jirani yangu, ambaye hakuna asichokijua, akaniambia nitumie petroli. Petroli ikala rangi ya boti na kumwacha Mheshimiwa akitabasamu vilevile.

Mke wangu alichoka kunitazama. Alipaka bango mafuta ya kupikia, akaliacha juani mpaka gundi ikalegea, kisha akaniomba kitu kigumu cha plastiki cha kukwangulia. Nikampa kadi yangu ya chama. Tangu niipate, hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoiona ikifanya.

Paji la uso lilitoka, mashavu yakafuata. Meno ndiyo yaliyokataa, na tulipokuwa tukiyasugua nilimtukana Mheshimiwa, watu wake na gundi yao.

“Kwani ni nani aliwaruhusu?” mke wangu akauliza, bila kuinua kichwa.

Nilijifanya natafuta kitambaa. Niliwaruhusu mimi, kwa fulana moja, na siku hiyo nilisimama ndani ya maji mpaka magotini, nikiwashikia bango lisikae upande.