Kochi la Mama Mwenye Nyumba

Mimi nimekaa darasani muda wa kutosha kujua kwamba pamenishinda, nikatoka kwa heshima zangu. Lakini kumwamsha mtu aliyekwama na kazi yake, hapo niachieni mimi. Profesa hanipati. Muulizeni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi wa makochi. Atakataa, lakini muulizeni.

Binti mwenyewe si mvivu, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Miaka yote alikuwa chini ya fundi mmoja mzee: yeye anashona, anajaza sponji, anagonga misumari, mzee anakata kitambaa. Mkasi mkubwa ulikuwa wa mzee, haukushikwa na mwingine. Kisha mzee akahamia kwa wanawe, akamwachia binti karakana, cherehani na ule mkasi.

Kazi ya kwanza ikaletwa na mama mwenye nyumba, anayepangisha chumba cha karakana: kochi lake la sebuleni, pamoja na mahameli ya kijani aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Ni kipande hiki tu, dukani kimekwisha," alisema. "Jumamosi nina wageni. Kochi lisipokuwa tayari, chumba hiki nampa msusi. Kila siku ananisumbua anakitaka."

Jumatano nikapita, nikamkuta binti anafagia. Alhamisi nikapita tena, anafagia! Sakafu inang'aa mpaka unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Misumari kaipanga kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Kochi liko palepale, halijaguswa hata uzi.

"Mpwa wangu, unamsubiri nani? Bwana harusi?"

"Naandaa mazingira, Mjomba."

"Mazingira yameandalika mpaka yamechoka. Kazi je?"

"Nikishakunywa chai."

Basi nikampa hotuba. Nikamweleza jinsi nilivyochimba kisima peke yangu enzi za ujana. Kwa kweli lilikuwa shimo la taka, lakini lilikuwa refu. Akanisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai, akaongeza sukari. Halafu akasema polepole, "Mjomba, nikikosea kukata, hakuna kingine. Nikiushika ule mkasi, mkono unakuwa si wangu."

Nikakunja mikono ya shati.

"Wewe kunywa chai," nikamwambia. "Mimi nakuvulia hilo kochi nguo zake kuukuu."

Sasa, kitambaa cha zamani huvuliwa taratibu, kipande kimoja kimoja, kwa sababu ndicho kinacholazwa juu ya kitambaa kipya na kuchorwa kwa chaki. Bila hicho hujui ukate wapi. Habari hiyo mimi sikuwa nayo. Nilivuta kama mtu anayechuna mbuzi. Chwaaa! Nguo ya mkono wa kulia ikapasuka katikati.

"Mjomba!" Kikombe kikayumba, chai ikamwagika kwenye ile sakafu ya kujitazamia. "Umepasua kipimo!"

"Si kimechakaa? Nakitupa nje."

"Usitupe! Lete hapa! Na koleo la kung'olea misumari lete!"

Akapiga magoti, akaunganisha vipande, havikukaa sawa. Akauvua mkono wa kushoto yeye mwenyewe, uzi kwa uzi, akakipindua kile kitambaa ndani nje. "Wa kushoto ukigeuzwa ni wa kulia," akanong'ona, wala si kwangu. Akatandika mahameli, akaipapasa ajue manyoya yake yanalalia upande gani, akachora. Kisha akautazama mkasi, akaganda tena.

Nikauchukua mimi. "Nianzie wapi? Hapa katikati?"

Nimelelewa na dada watatu, lakini sijawahi kunyang'anywa kitu upesi namna ile. Akakata. Mkato wa kwanza ulipokwisha akashusha pumzi kama mtu aliyetoka majini, na tangu hapo hakuniona tena. Kila alipopunguza mwendo, mimi nilisogea tu nikauliza, "Nikusaidie kugonga?" Mikono ikakimbia.

Jumamosi mama mwenye nyumba akaja, na nyuma yake msusi ameshika futi ya kupimia chumba. Binti yuko chini nyuma ya kochi, anagonga misumari ya mwisho. Mama akakaa. Akapitisha kiganja kwenye mahameli, kushuka, kupanda.

"Mkono huu wa kulia umekaa vizuri kuliko zamani. Ilikuwaje?"

Nikakohoa ili nijibu.

"Mjomba alinisaidia," binti akasema, uso mkavu kama yuko kwenye mtihani. "Alipasua."

Mama hakuelewa, lakini alimgeukia msusi. "Mwanangu, kunja futi yako." Kisha akasema viti vyake vinne vya meza ya chakula vitaletwa wageni wakishaondoka.

Vilipoletwa nami nikafika, nimekunja mikono ya shati tayari kwa kuvua. Mlango umefungwa kwa komeo. Nikagonga.

"Nani?"

"Mjomba wako! Nimekuja kukuamsha!"

"Nimeshaanza!" akapiga kelele. "Nenda nyumbani, Mjomba, nimeshaanza!"

Na mkasi kweli ulikuwa unalia humo ndani.