Kadi ya Orlin

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, theluji ya siku tatu bado imeganda kwenye paa la banda. Delphia alikula mkate wa mahindi wa jana, akaumegea kwenye glasi ya maziwa mtindi na kuula kwa kijiko, kama alivyokula miaka yote. Mimi nilikunywa kahawa. Akaniambia nimenyoa shavu moja tu. Nikamwambia la pili nimeiachia baridi ipambane nalo.

“Basi we mzee kaa ubavu huo uelekee ukutani,” akasema, “wageni wakija wasikuone.”

Mgeni hakuna aliyefika kwetu majira ya baridi. Alijua.

Akafuta meza, akatandaza karatasi zake.

Mke wangu alikuwa mtengeneza faharasa, ile orodha ya nyuma ya kitabu inayokuambia jina fulani liko ukurasa gani. Chuo kikuu kina wachapishaji wake, na wao huchapa vitabu vya nchi yetu hii ya milima: nyimbo za kale, mgomo wa wachimba makaa, mijusi ya mitoni, namna ya kusuka kiti kwa gome la mti. Profesa anaandika. Kabla ya kuchapa, wanamtumia Delphia kurasa. Anasoma, anaandika kila jina kwenye kadi, kadi anazipanga kwenye maboksi ya viatu. Vitabu thelathini na kimoja, miaka ishirini na sita, meza hiyo hiyo.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Alikuwa akinisomea. Profesa akikosea kijito kinakotokea nilimwambia Delphia, naye akamwandikia Bi Paulette, mhariri. Mara mbili walirekebisha. Delphia alinitania wiki nzima, akaniita Profesa Burl, akaniuliza kama nitakula na watu wa kawaida.

Kitabu cha thelathini na mbili kilihusu makaburi ya mabonde yetu, na ile Jumapili ya Mei tunapopanda mlimani na majembe na maua ya karatasi, tunasafisha, kisha tunakula kwenye nyasi kando ya wafu wetu. Alikisubiri sana.

Kabla ya saa sita mchana kalamu ikanyamaza. Nikageuka. Akanisomea polepole: Makaburi ya ukoo wa Stidham, mgongoni mwa mlima Bearpen. Mawe kumi na tisa ya mtoni, hayana maandishi. Waliozikwa hawajulikani.

Hao ni watu wetu. Kwetu jiwe la mtoni linatosha, aliye hai ndiye anayejua nani yuko chini. Lile dogo kuliko yote ni la mtoto wetu. Aliishi siku tisa. Baada yake hatukujaliwa mwingine.

Delphia akasema profesa huyo mvivu. Kapanda mlima wote ule kuhesabu mawe, akashindwa kubisha hodi mlango mmoja.

Mimi niliangalia jiko.

Alichukua kadi mpya, akaandika. Akanionyesha ingawa alijua sisomi vizuri. Stidham, Orlin, mtoto mchanga, 148. Akaitia ndani ya boksi, mahali pake.

Hilo lilikuwa kosa, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ni kosa. Faharasa haiongezi kitu. Inaelekeza tu. Jina ambalo ukurasani halipo, halina ruhusa kuwa nyuma. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuivunja sheria hiyo, hata kwa jina la baba yake.

Ijumaa akaipeleka faharasa posta. Daktari alikuwa amemwambia tangu vuli kwamba moyo umechoka, na njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni alisimama mara nne. Nilimfuata nyuma. Hakutaka nimshike mkono.

Jumatatu simu ikalia. Bi Paulette. Delphia alikuwa na tabia ya kuiweka simu mbali kidogo na sikio ili nami nisikie.

Bi Paulette akamuuliza hali, akamshukuru kwa kazi. Kisha akasema kuna jina moja kwenye faharasa ambalo ukurasani hakulikuta. Delphia akamwambia anajua. Akamweleza ni la nani.

“Bi Stidham, pole sana,” akasema Bi Paulette. “Nilimpigia profesa kabla yako. Anasema aliuliza. Anasema alimkuta mzee akikata nyasi pale pale makaburini, na huyo mzee akamwambia hakuna anayejua.”

Kila mtu Bearpen anajua nani hukata nyasi kule juu.

Delphia akaniangalia. Akafunika simu kwa kiganja.

“Ulimwambia hivyo?”

Nikamwambia ndiyo. Alikuja Septemba, buti safi, utepe wa kupimia mkononi, kamera shingoni. Nilidhani ni mtu wa kampuni ya makaa. Wao nao huja hivyo hivyo. Wanauliza kwa upole nani kalala hapa, ukitaja jina kesho wanakuletea karatasi utie saini, wahamishe mifupa, waulipue mlima. Kwa hiyo kwetu mtu wa namna hiyo hajibiwi. Nikamwambia sijui, hakuna anayejua, nikaendelea kukata nyasi. Nilidhani namlinda mtoto.

Na wiki ile yote mezani nilimwacha Delphia amlaumu mwingine.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Bi Paulette akasema kitabu kinakwenda kuchapwa Jumatano. Ukurasa wenyewe unaweza kurekebishwa, lakini profesa aliandika alichoambiwa, na anataka aliyemwambia ndiye aseme vingine. Delphia akaninyooshea simu.

Nilimtengenezea mtoto yule sanduku kwa mikono yangu, nikambeba mwenyewe hadi juu. Tangu siku ile sikuwahi kulitaja jina lake. Nikilazimika nilisema “yule mdogo.” Nilidhani hivyo ndivyo mwanamume anavyomsaidia mkewe.

Nikashika simu. Nikasema: Orlin. Orlin Stidham. Siku tisa. Yuko upande jua linakochomoza, karibu na bibi yangu. Halafu nikataja jina la bibi, na la babu, na ya wengine, jiwe kwa jiwe, mpaka kumi na tisa. Bi Paulette aliandika. Nilisikia kalamu yake.

Delphia alikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwenye kiti. Kitabu kilikuja vuli. Ukurasa wa 148 una majina yote, na nyuma pia yapo. La Orlin nalijua kwa umbo lake. Jina la Delphia nilimwomba mke wa mhubiri alitafute. Alitafuta mbele na nyuma. Halimo. La mtengeneza faharasa huwa haliandikwi. Halimo hata kwenye vile vingine thelathini na kimoja.

Ila siku ile, nilipoweka simu chini, alikuwa amesimama palepale, mkono mezani, anapumua kwa shida. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyerudi safari. Akasema:

“Miaka arobaini na nne, Burl, nilidhani umelisahau.”