Ufagio Niliomtafutia Mwanaidi

Chekeni tu, jamani, mimi mwenyewe bado nawaka kwa hasira.

Nauza kwenye duka la vitenge la Mzee Karim, Mhindi wa hapa hapa Dodoma. Kaunta nilikuwa naingoja tangu mwanangu hajazaliwa. Akaja Mwanaidi, binti mweupe wa Kondoa mwenye damu ya Kiarabu, akapewa yeye. Mimi nikabaki stoo, mtoto mgongoni.

Na mdomo alionao! "We Mhindi, leo umenuna nini?" Mzee anacheka mpaka anakohoa. Wivu ukanikaba. Nikamwendea mzee nikamwambia huo ni ubaguzi, tuweke sheria: atakayemtaja mwenzake kwa rangi au asili, afagie uani. Akakubali. Mwanaidi akafagia wiki nzima, na mimi roho kwatu.

"Dada Pendo," akaniuliza, "maneno umeyakataza. Mbona sisi bado tunanywea chai kwenye vikombe vya bati, mzee na jamaa zake vya kauri?"

Nikamsonya.

Jana nachungulia kutoka stoo, namwona kaunta na mzee, kashika vikombe viwili vya kauri, wanacheka. Nikajua tayari, huyu kashakuwa mke wa mzee. Nikatoka nikapayuka mbele ya wateja: "Mwarabu wewe! Unajipendekeza kwa Mhindi!"



Mwanaidi akaweka kikombe kimoja mbele yangu. "Nimemwomba mzee, kakubali. Kuanzia leo wote tunanywea hivi. Hiki chako, dada."

 Mzee akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akanikabidhi ufagio.