Nyota Kwenye Kona za Kanga Zangu

Mimi na mdogo wangu wa kiume tuliwahi kununiana siku mbili kwa sababu ya nyota. Si nyota za mbinguni. Nyota za kompyuta, vidude vya kumetameta alivyovibandika kwenye michoro yangu ya kanga. Leo tukikumbushana tunacheka mpaka tunashika mbavu, lakini wakati ule, wallahi, ningemzaba kibao na ndevu zake zote.

Hebu nianzie nyuma kidogo, msije mkanidhania mwanamke wa shari. Nilikuwa mchoraji wa kanga katika kiwanda cha nguo, kazi niliyoingia nikiwa msichana, miaka ile ya dhiki. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo foleni. Miaka ile hakuna aliyechagua kanga. Zikitoka, mtu anapewa doti yake, anaikumbatia, anaondoka mbio kabla hajasikia zimekwisha. Ningechora bata kavaa miwani, angenunuliwa. Basi wengi wetu tukawa tunachora bora liende.

Mimi sikuthubutu, kwa sababu msimamizi wetu, mama mmoja wa Kibondei, alikuwa hana masihara. Ukimpelekea karatasi haangalii rangi wala maua ya katikati. Anaangalia kona. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, na katikati ndiyo tunaita mji, na chini ya mji ndipo yanapoandikwa maneno yake. Mji, mtu yeyote mwenye jicho atauchora. Kazi iko pale pindo linapokata kona. Upande mrefu unakuja na maua yake, unakutana na upande mfupi, na hapo ama maua yanageuka kwa ustaarabu, ama ua linakatika nusu na kuachwa hivyo hivyo. Msimamizi akiliona ua limekatika anakurudishia karatasi yako bila neno. Nililia sana chooni kwa ajili ya kona, na nikajifunza.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Maduka ya Ngamiani, hapa Tanga, yakajaa kanga za India, vitenge, mitumba, kila rangi. Wanawake wakaanza kuchagua, na walistahili, siwezi kusema vingine. Lakini kiwanda chetu na mashine zake za kukohoa hakikuweza kushindana. Kikafungwa. Tukapeana mikono getini, kila mtu na bahasha yake, nikarudi nyumbani na brashi zangu tatu.

Nilipika mandazi na mbaazi, nikashona mashela, nikafundisha kuchora katika shule moja mpaka shule ikasema haihitaji kuchora. Baba wa binti yangu alikuwa keshaoa kwingine na salamu zake zilikuwa za Idi kwa Idi. Mwisho nikakubali lile nililokuwa nalikataa: kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wakala akanishughulikia pasipoti. Siku ya kuondoka ikapangwa, Jumapili, na binti yangu wa miaka tisa akawa wa kupelekwa kijijini Moa kwa mama yangu. Nilipomwambia alisema, "Haya, mama," akaenda kuruka kamba. Miaka miwili, mwenzangu! Ningerudi nimkute ana miaka kumi na mmoja na mazoea ya watu wengine.

Wiki chache kabla ya hiyo Jumapili, mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la kanga hapa Tanga, ambaye alihamia Mombasa kwa watoto wake, akanitumia salamu. Alikuwa akichapisha kanga India na mshirika wake wa huko, na walichoka kuletewa maua ambayo mwanamke wa pwani hayataki. Walitafuta mchoraji mmoja wa huku, wa kudumu. Tulikuwa wanne tulioulizwa. Na kwa kuwa mmoja yuko Mombasa na mwingine India, wakasema kila mchoraji aweke kazi zake kwenye intaneti, wazitazame wote wawili, waamue Ijumaa. Ijumaa ile ile ya kabla ya Jumapili yangu.

Mimi na intaneti wapi na wapi! Lakini mdogo wangu alikuwa amesomea kompyuta Mombasa, amerudi, na hapa Tanga hakuna aliyejua ajira yake ni nini. Alikuwa akishinda katika kafe ya intaneti ya rafiki yake, mashine nne na laini moja ya simu. Akaniambia, "Dada, niachie mimi. Nitakutengenezea tovuti hata Wazungu hawana." Nikamwachia.

Na nitasema haki, maana hasira isinifanye muongo: alichotengeneza kilikuwa kizuri mno. Unafungua, kioo cheusi. Ngoma inaanza taratibu. Kisha mapindo manne yanaingia, moja kila upande, yanateleza mpaka yanakutana, na yakikutana tu, nyota inawaka kwenye kila kona, chwaa! Kisha mji unachanua katikati kidogo kidogo. Mwishoni anatokea mwanamke, kivuli tu, hana sura, anaichukua ile kanga anajifunga, anageuka polepole. Unaona pindo linavyokaa nyongani. Unaona mji unavyoangukia mgongoni. Mimi niliyechora kanga tangu usichana sikuwahi kuona mchoro wangu ukivaliwa kabla haujawa nguo. Machozi yalinitoka mbele za watu.

Na watu walikuwepo. Wanawake waliokuja kupiga simu za nje walisimama nyuma yangu, mmoja akaita wenzake, wakajaa. "Ee, ile! Ile ya mikorosho! Mrudishe huyo mwanamke ageuke tena!" Mwenye kafe akasahau hata kuwadai watu muda wao. Kichwa kikanivimba. Tena ni mimi niliyesema ngoma iongezwe, na yule mwanamke ageuke mara mbili badala ya moja. Kwa hiyo siwezi kumtupia mdogo wangu lawama zote, ingawa nilizitupa.

Jumanne mzee akapiga kwenye simu ya mkononi ya mdogo wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Kwanza nimeona duara linazunguka. Chai imepoa, duara linazunguka. Baadaye kanga imekuja, nasema alhamdulillahi, naangalia kona, kuna nyota! Nyota ikiondoka, yule mama ameshaivaa, amekunja kona yote ndani. Nataka kwenda ya pili, hainipi mpaka amalize kugeuka. Mara mbili anageuka! Mwenzangu wa India yeye hata haikufunguka."

Akaendelea, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Hao wengine watatu wameweka picha tu, mwanangu. Si nzuri kama zako za zamani, lakini nimeziona."

Nilimgeukia mdogo wangu nikiwa nimepandwa na hamaki. Nikamwambia azitoe nyota, aitoe ngoma, amtoe yule mwanamke, aweke picha zilizotulia. Akakataa! Akasimama pale katikati ya kafe akakataa. Hapo ndipo likatoka la moyoni: ile tovuti ilikuwa yake pia. Jina lake lilikuwa chini, dogo, na alikuwa akimwonyesha kila mgeni aingiaye ili naye apate kazi. "Nikiweka picha zilizotulia, dada, mimi nimefanya nini hapo? Picha kuweka anaweza yeyote."

"Kwa hiyo mimi niende nikadeki majumba ya watu ili weye usifiwe nyota?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema!"

Nikatoka. Njia nzima mpaka Barabara ya Nane nilikuwa nasema peke yangu. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa na haki nusu. Wale wanawake waliojaa nyuma yangu walishangilia kanga zangu, ndiyo, ila walipotoka nje walikuwa wakiigiza yule mwanamke anavyogeuka. Hakuna hata mmoja aliyesema lile pindo la mikorosho limegeuka vizuri kwenye kona. Mchezo ulikuwa wa mdogo wangu, na kazi yangu ilikuwa nguo ya kuuchezea.

Tukanuniana. Jumanne, Jumatano. Nyumbani nikawa nafunga mizigo ya binti yangu ya kwenda Moa, na yeye ananipa nguo moja moja. Kila nikiikunja moja najisemea, si basi tena, ndiyo nakwenda.

Alhamisi asubuhi nikaamka nimepiga moyo konde. Nikamfuata mdogo wangu, nikamshika mkono bila salamu, nikampeleka kwenye duka la kanga sokoni. Akaniuliza tunakwenda kununua nini. Nikamwambia anyamaze atazame. Mwenye duka alikuwa na rundo la kanga zilizokunjwa, na mbele yake wamama wawili. Akawa anazifunua kwa kidole gumba, kona baada ya kona, chap chap chap, hafungui hata moja. Wale wamama nao macho yao pale pale. "Hapana. Hapana. Hapana. Ngoja, rudisha hiyo. Hiyo ya chini." Ndipo ikatolewa moja, ikafunguliwa yote, mmoja akajizungushia kiunoni juu ya baibui lake, akamuuliza mwenzake, "Inakaaje nyuma?"

Wamama wakalipa wakaondoka, akaja mwingine, chap chap chap. Mwisho mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo, "Dada, kumbe nimeanzia mwisho. Kujizungushia ni mpaka mtu ameipenda kona kwanza."

Nilimpiga kofi la mgongoni, lile la mapenzi.

Tukakaa kwenye kafe mpaka adhuhuri ikatupita. Alifanya ukurasa mmoja mweupe, kona ishirini za kanga zangu zimepangwa safu safu, hakuna ngoma, hakuna nyota, hakuna duara. Ukibonyeza kona, kanga yote inafunguka, imetulia tuli. Na chini yake akaweka kitufe kidogo: atakaye kuona inavyovaliwa, abonyeze. Yule mwanamke akabaki huko nyuma, na akageuka mara moja tu. Nilitaka kumwondoa kabisa, mdogo wangu akanisihi, na nashukuru nilimsikiliza. Tulijaribu kwenye mashine mbovu kuliko zote pale kafe. Ikafunguka kabla sijamaliza kupiga chafya.

Ijumaa nilikaa kafe tangu asubuhi. Sala ikatoka, watu wakapita na kanzu zao, simu kimya. Mwenye kafe akaniletea soda nikaishika mpaka ikapata joto. Mdogo wangu alikuwa akitoka nje, akiingia, akitoka, nikamwambia kaa chini unanitia kizunguzungu.

Ikalia. Aliipokea yeye akanipa mimi.

"Mwanangu," akasema mzee, "nimepitisha kona zote ishirini nikiwa na kikombe mkononi. Mwenzangu naye ameziona. Hizo kona, nani alikufundisha?"

Nikamwambia habari za msimamizi wangu. Akacheka. Akasema wanaanza na ile ya mikorosho na nyingine nne, na kwamba hizo nne walikuwa hawana uhakika nazo mpaka mkewe alipobonyeza kile kitufe akaona zinavyokaa nyuma. Nichore kwangu Tanga, niwe napeleka karatasi mpakani Horohoro, mtu wake atazipokea. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu getini kwa kiwanda. Mdogo wangu alinikumbatia, ndevu zake zikanichoma, na sote tukalia kama mafala mbele ya wateja wa watu.

Na yeye hakukosa. Wiki chache baadaye mwenye kambi moja ya watalii huko ufukweni Ushongo aliingia kafe kutuma barua pepe, akamwona yule mwanamke akigeuka, akauliza ni kazi ya nani. Alitaka kambi yake nayo ichezeshwe vile vile, mawimbi na minazi, na safari hii hapakuwa na kona ya kuzibwa na nyota. Bidhaa ya mdogo wangu ilikuwa ule mwendo wenyewe, yangu ilikuwa mchoro. Tulikosea kuzitia kapu moja, basi.

Lakini Ijumaa ile nilikuwa sina habari ya Ushongo. Nilipitia kwa wakala nikamwambia sisafiri, akanuna, nikamwacha na mnuno wake. Nikaenda nyumbani karibu na kukimbia, mwanamke mzima.

Binti yangu alikuwa amekaa barazani. Nikaketi kando yake, nikamwambia siendi. Yeye hendi Moa, na mimi siendi popote, kazi nimepata, ya hapa hapa. Akaniangalia kwanza, ananipima kama namtania.

"Kwa hiyo Jumatatu ya shule," akasema, "atakayenisuka ni nani?"

"Mimi."

"Na Jumatatu nyingine?"

"Mimi."

Akaja akaketi chini katikati ya magoti yangu, kichwa amekiinamisha tayari, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ilikuwa Ijumaa tu, lakini niliingia ndani nikachukua kitana.