Ndugu wa Bibi Kaltuma

Harufu ya kahawa iliyotwangwa na tangawizi ndiyo iliyokuwa saa yetu ya alasiri pale Kisugu, Kampala. Bibi yangu Kaltuma, mjukuu wa askari wa Kinubi aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan, aliipika mwenyewe barazani, na kila aliyekuja alipewa kikombe na swali: wewe mtoto wa nani? Hapo majina yakaanza kutajwa, baba, babu, baba wa babu, mpaka damu zikutane. Zikikutana, umekuwa ndugu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hiyo ni ya wageni. Ndugu kwetu haulizwi ataondoka lini.

Chumba cha uani alipanga Bwana Dankani, mzee wa Kiskoti, fundi wa mitambo ya meli pale Port Bell. Ukutani alitundika picha ya ngome ya mawe ya ukoo wake. Hakuchoka kutuhadithia nani aliijenga, nani alizaliwa humo, nani alizikwa ubavuni mwake. Ila hakuna hata mmoja wa kwao aliyelala humo tena.

Wanajeshi waliposhika nchi, afisa mmoja alikuja kunywa kahawa. Akataja wazee wake, na mmoja akawa mzee wetu pia. Masikini bibi! Alilia kwa furaha, akawaita majirani wamwone ndugu yake. Afisa akalala. Kesho yake akaleta godoro, kisha mke, kisha walinzi, na kabla ya mvua kuisha sisi tulikuwa tumebanana jikoni.

"Mama," Bwana Dankani alimwambia akifunga mizigo ya kurudi kwao, "ile ngome ya sisi, adui hakuna alichukua. Binamu alikuja lala, msimu moja ya baridi tu. Mpaka leo iko ya watoto yake."

"Nyie Wazungu hamjui undugu," bibi alimkata.

Miaka ile ilituchosha. Nilichoka, mtoto wa kike mdogo vile, kumwomba mlinzi ruhusa ya kupita mlango wa kwetu. Bibi alichoka zaidi, maana kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliivaa mwenyewe mbele za watu.

Serikali ilipoanguka, afisa alitoroka. Asubuhi vijana wakaja na petroli, wakimtafuta.

"Jaja," walimwita bibi, kama wanavyoitwa vikongwe wote Kampala, "watu wanasema huyu ndugu yako. Kama ni ndugu, tunachoma."

Majirani wakatazama chini. Bibi akaitazama nyumba, akanitazama mimi.

"Si ndugu yangu. Majina yale yote niliyatunga. Mimi sina ukoo."

"Apa."

Akaletewa msahafu, akaapa. Wakaondoka.

Nyumba ikapona, lakini bibi hakutaja tena jina hata moja la wazee wake. Nikimuuliza, alisema, "Nimekwisha kuapa, mwanangu. Niache." Alikwenda na majina yale kaburini, nami nilikuwa mdogo mno kuyashika.

Leo nyumba ni yangu, na nimechoka kuziba paa lake. Watoto wa siku hizi hawamwombi askari ruhusa ya kuingia kwao, alhamdulillahi. Juzi tulimfanyia mjukuu wangu akika humu humu, nyumba imejaa. Shehe akaniomba nitaje wazee wa ukoo, ili tuwaombee dua pamoja na mtoto. Nikamtaja mama yangu. Nikamtaja Bibi Kaltuma. Watu wakaendelea kuningoja.